Tandiko Ulilosema Limekukaa

Mwanangu Tatu,

Salamu tutapeana jioni utakaporudi kutoka Marui kumuaga bibi yako, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za kula, kuswali, kufua na kutochezea simu usiku kucha. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Kesho basi linaondoka alfajiri, na stendi si mahali pa mazungumzo. Unanijua, mimi nikifika stendi hugombana na wapakia mizigo ili nisilie.

Nataka tuzungumze habari ya tandiko.

Jumapili tulipolipeleka Kisarawe, ukalijaribu mgongoni kwa yule farasi Sharifa, ulizunguka uwanja mzima huku unacheka. Uliposhuka ulinikumbatia ukasema, “Mama, limenikaa kama nimezaliwa nalo!” Mfaume, msimamizi wa lile shamba la farasi, akapiga makofi. Nami nikacheka. Lakini nilikuwa nimesimama ubavuni muda wote, na kazi iliyokusomesha wewe ni ya kutazama makalio ya watu. Miaka yote hii nashona siti za bodaboda hapa Sofu. Mtu akikaa tu najua anaumia wapi kabla hajafungua mdomo.

Goti lako lilivuka ukingo wa mbele wa ngozi. Nyuma hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha kiganja. Ulikuwa umekaa kama mtu aliyekalia ndoo, na kila Sharifa alipochangamka ulisimama kwenye vikuku, zile pete za chuma za kukanyagia, ili usijigonge mbele. Baadaye ulikwenda bombani kunawa, miguu umeitanua kama umetoka jandoni. Nikakuuliza, “Hakuna panapokubana?” Ukajibu, “Mama nawe! Liko poa kinoma.”

Halikukukaa, Tatu. Wewe unajua, mimi najua, na Sharifa anajua.

Nimelishona tangu masika, kila nilipopata nafasi kati ya siti za watu, na nililificha chini ya maturubai kwa sababu nilitaka nikushtukize. Kwa hiyo sikukupima. Kipimo nilikitoa kichwani, na kichwani mwangu wewe bado ni yule wa kidato cha pili, uliyekuwa ukija nami shambani siku za kazi na kupanda farasi bila viatu. Mgongo nao niliupimia kwa Sharifa, maana ndio mgongo ninaoujua. Matokeo yake nimeshona tandiko la msichana aliyekwisha kukua, nikalipimia farasi asiyesafiri. Huko uendako halitamfaa yeyote, si wewe wala farasi wao.

Hilo ni kosa la fundi na halininyimi usingizi. Siti huwa zinarudi, unafumua, unashona tena, maisha yanaendelea. Kinachoninyima usingizi ni lile jibu lako.

Unakwenda kaskazini kwenye farasi wanaobeba wageni kutwa nzima. Utakabidhiwa wanyama usiowajua na matandiko yaliyoshonwa na mafundi wasiowajua wanyama hao. Kazi yako itakuwa kutandika na kupandisha watu, na wewe ndiye utakayepaswa kusema, hili hapana, leteni jingine. Utasema hivyo wakati msimamizi ana haraka na mgeni ameshalipa, amevaa kofia, anataka kupigwa picha. Farasi hana mdomo wa kujitetea, mdomo wake ni wewe. Sasa mtu aliyeshindwa kumwambia mama yake mzazi kwamba mapaja yanamuuma, atamwambia nini bosi wa ugenini? Hilo ndilo linaloniogopesha, na naogopa kwelikweli.

Habari yangu na Sharifa unaijua nusu. Ile nusu ya kuchekesha ndiyo niliyozoea kuisimulia.

Mfaume alikuja dukani na tandiko limefungwa nyuma ya pikipiki, ngozi imechanika, mito miwili ya chini imekwisha kabisa. Akaniuliza, “Dada, hii unaiweza?” Fundi wa Sofu akiulizwa kama anaweza, hujibu kabla ya kutazama. Nikasema naweza. Farasi nilikuwa nimemwona kwenye televisheni tu. Mimi nilijua kwamba siti ni ya kumfurahisha anayekalia. Kilichoko chini ya siti ya bodaboda ni tangi na vyuma, na vyuma havilalamiki.

Ile mito nikaijaza sufi. Bibi yako alinipa kiroba kizima kutoka kwenye msufi wa Marui, na sisi watu wa Kisarawe mto wa sufi tunaujaza mpaka uzi ulie. Mto wa bibi harusi ukiwa umelegea, upande wa bwana watasema nyumba ile ni mabahili. Bibi yako alikuwa akiupiga ngumi, ngumi ikizama anaongeza sufi. Basi nami nikalijaza tandiko la watu vivyo hivyo. Nikalipiga ngumi, mkono ukaniuma, nikaridhika. Mfaume alipolichukua aliliita tandiko la sultani, nami nikalala kichwa kikiwa kikubwa.

Nilipokwenda shambani baada ya muda kuchukua kazi nyingine, nikaambiwa Sharifa, anayevaa lile tandiko, amebadilika. Alikuwa mpole yule, walisema, mtoto angeweza kupita chini ya tumbo lake. Sasa akiona tandiko tu analaza masikio nyuma na kutafuta mtu wa kumng'ata.

“Huyu kaingiliwa, Mama Tatu,” Mfaume akaniambia. “Si bure. Jana kamrarua mtu shati.”

Walikwisha kumwita mtu wa kumsomea, na banda lilikuwa limejaa moshi wa ubani. Sina ubaya na ubani, ulinukia vizuri. Sharifa akapiga chafya. Wakamtandika, akajaribu tena kung'ata.

Mimi nikajitia ujuzi. Nikasema tandiko jipya huwa gumu, muongezeeni blanketi chini lilainike. Wakaongeza. Halikusaidia, nikasema ongezeni la pili. Wewe kiatu kikikubana huvai soksi mbili, hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Lakini mtu akishakusifu kwamba umeshona tandiko la sultani, akili ya viatu inakutoka. Nilitafuta kosa kwenye farasi, kwenye hewa na kwenye majini. Kwenye uzi wangu sikutazama.

Halafu kuna lile la jasho. Alipovuliwa tandiko baada ya kuzungushwa, mgongo wote ulikuwa umelowa isipokuwa sehemu mbili nyuma ya mabega, moja kila upande, kavu kabisa. Nikafurahi. Nilidhani pakavu ndipo palipostarehe. Kumbe pale ndipo palipokandamizwa mpaka jasho likakosa njia. Siku zilivyokwenda, sehemu zilezile zikaota nywele nyeupe juu ya ile rangi yake ya kahawia. Nikamtania Mfaume, “Farasi wako anaota mvi kabla yako.” Tukacheka sote wawili, na mkono wangu ukaenda kuzigusa. Nilibonyeza kidogo tu kwa vidole. Sharifa alizama mgongo wote chini kama mtu aliyeguswa jipu.

Nikaacha kucheka. Nilitoa chaki yangu ya fundi mfukoni, nikaisaga, nikampaka mgongoni. Nikaliweka tandiko bila blanketi, nikalikandamiza, nikaliinua na kuligeuza. Chaki ilikuwa imeshika sehemu mbili ndogo kama visahani. Kwingine kote mto haukugusa mwili. Uzito wote wa mtu mzima, kila siku, ulikuwa umekalia visahani viwili vya nyama yake. Nilikaa chini palepale kwenye nyasi zake.

“Hana jini huyu,” nikasema. “Ni mimi.”

Mfaume akajibu, “Usijilaumu dada, wateja wamelisifu sana.”

Wateja walikuwa wamekaa juu, Tatu. Ndiyo maana walilisifu.

Tangu siku hiyo naanza na aliye chini. Napitisha mkono mgongoni bila tandiko, taratibu, huku natazama masikio na jicho, maana anayeumia atakwambia hapo hapo ukimpa nafasi. Waya laini ule wa kufungia nondo naupinda juu ya mabega yake, nauchora kwenye boksi, ndipo najua kiunzi cha mbao cha ndani kiwe kipana kiasi gani. Mfupa wa bega uachwe utembee. Ukiubana, farasi hufupisha hatua, na watu watamwita mvivu. Katikati ya mito miwili lazima pawe na mfereji wa hewa juu ya uti wa mgongo, kutoka mbele mpaka nyuma, na mfereji huo uangalie mtu akiwa amekwishapanda, kwa sababu tandiko tupu ni kama bwana harusi siku ya posa, linapendeza kila upande. Na lisipite ubavu wa mwisho kwenda nyuma, kule hakuna mfupa wa kubeba mtu.

Aliye juu naye ana haki yake. Akae penye bonde la siti bila kutafuta, apate nafasi ya kiganja nyuma yake, goti libaki ndani ya ngozi. Ukimwona anajishikilia ujue analipigania tandiko, na kila anachokipigania juu kinamfikia farasi chini. Hayo unayajua. Umeyaona nikiyafanya tangu hujui kufunga mkanda wa tumboni mwa farasi. Nayaandika kwa sababu nilipoyajua mimi, kuna mnyama alikwisha kuyalipia.

Kuna moja ambalo labda hujaliona kwa vile Kisarawe majani hayakauki sana. Mgongo haukai mmoja. Farasi hunenepa kwenye mvua na kukonda kiangazi, akizeeka huzama katikati, akifanya kazi nzuri hujaa misuli. Tandiko lililomkaa mwezi wa tano linaweza kumuumiza mwezi wa kumi, na hakuna aliyekosea. Watu wa huko watakwambia hili ni lake, amelivaa siku zote. Wewe pitisha mkono tu. Bora lawama kuliko fedheha.

Sasa nikueleze ulikolitoa lile jibu lako la Jumapili, usije ukadhani uliliokota njiani.

Nilipoolewa na baba yako Gwata nilikuwa na umri wako wa sasa. Baba yako hakuwa mtu mbaya, nimekwambia mara nyingi na leo naandika. Nyumba yao ilikuwa na umbo lake nami nilikuwa na langu. Walitaka mke wa shamba, mimi mikono yangu ilitaka mkasi na cherehani. Kila nilipotaja cherehani, mama mkwe alicheka kwa upole na kunipa jembe. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Nilikuwa nabanwa tu, kidogo kidogo, mahali palepale kila siku.

Bibi yako, mama yangu, akija kunitazama huuliza, “Unaishije huku, mwanangu?”

“Vizuri, mama.”

“Hakuna linalokusumbua?”

“Hakuna, mama. Tunamshukuru Mungu.”

Ananitazama, anaondoka. Akija tena analeta mchele. Safari nyingine kitenge, safari nyingine kuku wawili na mafuta ya nazi. Alikuwa ananiongezea mablanketi, Tatu, na mimi nayapokea kwa mikono miwili na kusema asante, mambo yangu mazuri. Sote tulikuwa watu wenye adabu sana. Mpaka siku moja wewe unatambaa uani, yeye ananipa doti ya khanga, nami badala ya kushukuru nikasema, “Mama, hapa pananibana.”

Hakuuliza pananibana wapi. Alisema, “Rudi.” Kisha akakasirika kweli. “Mficha uchi hazai, wewe! Muda wote huo nakuuliza!” Nikaja kujua baadaye kwamba neno langu alilisubiri kwa muda uleule ambao mimi nililisubiri lake. Kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake, na kwa huruma hiyo nikakaa Gwata muda mrefu kuliko nilivyopaswa kukaa.

Kwa hiyo uongo wa Jumapili ni wa ukoo. Ulinidanganya kwa sababu unanipenda, uliona vidole vyangu vilivyotobolewa na sindano na hukutaka kunivunja moyo. Nami nilinyamaza kwa sababu nakupenda, sikutaka kukuharibia furaha wiki ya kuondoka. Tumefanana mno, na si kila mfanano ni wa kujivunia.

Ingeishia hapo ningeacha. Lakini juzi nilikusikia ukimwambia bibi yako kwenye simu kwamba utalibeba mpaka huko na utalipanda kila siku ili mama afurahi. Nikakuona kwa macho yangu, asubuhi kwenye baridi ile wanayoisema, unajibana ndani ya kazi ya mikono yangu, mapaja yanachubuka, na unanipigia simu kuniambia liko poa. Nikamwona na farasi wa watu, simjui hata jina, anaota nywele nyeupe nyuma ya mabega kwa ajili ya mapenzi ya mama na mtoto wa Sofu. Moyo ulinikataa.

Nimelifumua.

Nilianza ulipotoka tu kwenda Marui, na mpaka naandika hapa jua linazama. Limenichelewesha kwa sababu, niseme ukweli, nililishona vizuri. Uzi ulikuwa wa nta, mishono ya mkono, na kila mshono nilioukata nilikumbuka siku niliyoupiga. Nilipofika kwenye siti nililia kidogo, nikafuta uso kwa khanga, nikaendelea. Kiunzi Mfaume atakitumia. Ngozi itatoka siti mbili nzuri za bodaboda, na kuna kijana wa kituoni atatamba nayo bila kujua alichokikalia.

Usije ukafikiri nimekasirika. Nimekuondolea tu kitu ambacho ungelazimika kunidanganya kila wiki. Nenda na mikono yako, utazame matandiko yao, utafute linalokukaa kati ya hayo. Likikosekana nitumie kipimo cha mgongo wa farasi na chako, uketi kwanza mtu akupime, si kipimo cha heshima. Nami nitashona jingine. Mikono ipo.

Kilichobaki ni ile mikanda miwili ya vikuku. Hiyo ina matundu, inarefushwa na kufupishwa, itamfaa yeyote. Nimeiweka juu ya kitanda chako pamoja na msharasi wangu mdogo wa kutobolea ngozi. Tundu usilolikuta, toboa mwenyewe.

Ningeweza kukuambia haya yote mdomoni. Lakini mdomo wangu mkali, wewe ungelia, mimi ningekufokea kwa kulia, na usiku wetu wa mwisho ungepotea hivyo. Ndiyo maana barua iko juu ya mikanda. Ukiimaliza kaa humo chumbani kadiri unavyotaka. Ukinuna nitaelewa, maana hukuniruhusu kulifumua na mimi sikukuuliza.

Kisha njoo jikoni. Nimepika mlenda wenye karanga, ule ambao tangu utotoni unasema unaupenda huku unaumeza kwa maji. Nitakuwekea sahani mbele yako, nitakuuliza kama umenoga, na leo nataka unijibu kweli.

Mama yako.